Feni sita na bado inazimika: uchambuzi wa kisa cha kompyuta ya studio

Simu iliingia Februari, saa kumi jioni, wakati ambao Dar es Salaam hata kivulini kuna joto. Alikuwa kijana anayehariri video za harusi kwenye studio ya chumba kimoja, Sinza.

"Shikamoo fundi. Mashine yangu inajizima. Nikianza kurenda mchana, dakika ishirini hazifiki."

(Kurenda ni pale kompyuta inapounganisha vipande vilivyohaririwa kuwa video moja iliyokamilika.) Nikamuuliza: inajizima halafu inawaka yenyewe, au inazima moja kwa moja? Inazima moja kwa moja. Ukibonyeza kitufe inakubali? "Haikubali mpaka niiache kama dakika kumi, kumi na tano." Na usiku je? "Usiku inapeta mpaka asubuhi."

Kisa kizima kilikuwa ndani ya majibu hayo. Mimi nikashika neno moja tu, "mchana", nikaamua palepale kwamba ni joto la ndani ya kasha. Nilipatia nusu. Ile nusu nyingine ilinigharimu safari ya pili, tena na foleni ya Shekilango juu yake.

Mashine yenyewe si ya kubeza. Prosesa ni Ryzen 7 5800X, kadi ya grafiki ni GeForce RTX 3060, pawasaplai, yaani kile kiboksi kinachoigawia mashine umeme, ni ya wati 650. Kasha lina vioo viwili, kimoja ubavuni na kingine mbele, na feni sita za milimita 120 zenye taa za rangi: tatu mbele, mbili juu, moja nyuma. Ukiongeza ya kipozeo cha prosesa zinakuwa saba. (Niweke sawa jambo moja mapema: nikisema prosesa namaanisha ile chipu. Sanduku lote, ambalo nusu ya wateja wangu wanaliita CPU, hapa nitaliita kasha.) Aliyemuuzia alimwambia kwamba kwa feni idadi hiyo asahau habari za joto.

Kabla ya kunifikia mimi, mashine ilikuwa imepita kwa fundi mwingine. Alibadilisha ile krimu ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo chake, tatizo lilipobaki akasema pawasaplai imekufa, anunue nyingine. Kijana hakuwa na hela hiyo. Akafanya ambacho wengi wetu tungefanya: akafungua kioo cha ubavuni, akaielekezea feni ya mezani, mashine ikarenda kutwa nzima bila kuzima. "Kwa hiyo fundi, pawasaplai ni nzima, hapa ni joto la ndani." Hoja ilinyooka, nami nikaikubali kama ilivyo. Mtaona ilikuwa na tundu wapi.

Aliileta kesho yake kwa bajaji, ameipakata kama mtoto.

Karakana yangu haina kiyoyozi. Kipimajoto cha ukutani kilikuwa kinasoma nyuzi 32. Nikaiweka mashine mezani, nikafunga vioo vyote kama anavyoitumia, nikafungua programu ya HWiNFO ili nisome sensa zote za joto na kasi, kisha nikamwambia arende kazi yake halisi, harusi iliyokuwa inamdai, kwenye programu yake ya kuhariri, DaVinci Resolve. Programu za majaribio ninazo, lakini zile huwa zinakamua kitu kimoja kimoja. Kurenda video kunafanyisha kazi prosesa na kadi kwa pamoja, na joto la pamoja ndilo lililokuwa linamsumbua.

Baada ya nusu saa kadi ya grafiki ilikuwa nyuzi 83, feni zake zenyewe zikilia kwa nguvu zote. Prosesa ilikuwa 90, imeganda hapohapo.

Hiyo 90 inahitaji maelezo, kwa sababu watu wengi wanaisoma vibaya. Kikomo cha 5800X kilichowekwa na AMD ni nyuzi 90. Ikifika hapo haiendelei kupanda, inapunguza mwendo ili isipite. Ni kama ndoo iliyojaa bombani: ukizidi kufungua maji kiwango hakipandi tena, yanamwagika tu. Kinachomwagika kwenye prosesa ni kasi. Kwa hiyo ukikuta prosesa imeganda kwenye kikomo chake, acha kutazama joto, tazama gigahezi, yaani kipimo cha kasi yake. Hii ilikuwa inakwenda 3.9 wakati kwa kazi ile ilipaswa kuwa kwenye 4.5 hivi. Kijana alikuwa anasubiri renda zake kwa muda mrefu kuliko ilivyopasa, na alikuwa amezoea, akidhani ndivyo zilivyo.

Lakini haikuzima. Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita. Hapo ndipo ningepaswa kukaa chini nikune kichwa, maana kosa nililoitiwa halikutokea mbele yangu. Nikajipa jibu la haraka kwamba karakana yangu ina upepo kuliko studio yake, nikaendelea.

Kabla sijagusa bisibisi nilipiga hesabu moja, na ninashauri kila anayepanga feni aipige japo mara moja maishani. Kadi ya RTX 3060 inakula mpaka wati 170. Prosesa hii, ingawa imeandikwa 105, inaruhusiwa kuvuta mpaka 142. Ongeza mazabodi (ile bodi kuu), memori, diski na feni zenyewe, unapata kama wati 350, na zote zinaishia kuwa joto ndani ya kasha. Ili hewa ibebe wati 350 nje huku yenyewe ikiongezeka nyuzi 10 tu, unahitaji takriban lita 30 za hewa kila sekunde. Yaani ndoo moja na nusu, zile za lita 20, iingie na itoke kila ukihesabu moja. Ikipita nusu ya hiyo, hewa ya ndani itapanda nyuzi 20 badala ya 10, na chumba kikiwa na 32 ina maana kadi na prosesa zinajaribu kujipoza kwa hewa ya nyuzi 52. Hakuna krimu itakayokuokoa hapo.

Feni tatu za mbele, zikiwa wazi, zina uwezo wa kupitisha ndoo hiyo na kubakiza. Swali likawa: ndoo inakwama wapi?

Hapa huwa natumia kijiti cha udi. Si mzaha. Moshi wake ni mwembamba, unanyooka, na unaonyesha hewa inakoelekea kuliko kipande cha karatasi. (Mke wangu anasema karakana ndiyo sehemu pekee ambayo ninakumbuka kufukiza.) Nilikipitisha taratibu kuzunguka kasha lililofungwa. Mbele, kwenye mwanya mwembamba kati ya kioo na fremu, moshi uliingia kwa uvivu, kama umelazimishwa. Juu, kwenye feni ya mbele kati ya zile mbili, ukapulizwa kwa nguvu kuelekea dari. Nyuma kwenye feni ya kutolea, ukapulizwa vizuri. Kisha nikashusha kijiti kidogo, kwenye vile vibati vyenye matundu vilivyo chini ya feni ya nyuma, pale zinapochomolewa kadi. Moshi ukanyonywa ndani, kama mtu anavuta sigara.

Nilimwita kijana aje aone. Kasha lilikuwa linatoa hewa nyingi kuliko linayoweza kuingiza kwa mbele, kwa hiyo lilikuwa linatafuta hewa popote penye upenyo, na upenyo mkubwa ulikuwa sentimita chache tu chini ya mahali inapotoka hewa ya moto. Hewa iliyotoka motoni ilikuwa inarudishwa motoni. Pamoja na vumbi, maana huko nyuma hakuna chujio.

Nikafungua kioo cha ubavuni nitazame njia ya ndani. Hapo nikakuta kitu ambacho sikukitarajia. Kipozeo cha prosesa ni cha mnara, mapezi ya alumini yamepangwa kwenye mabomba ya shaba, na feni moja imebanwa kwa waya upande unaotazama mbele ya kasha. Mahali ni penyewe. Ila feni ilikuwa imegeuzwa. Ile mikono minne ya plastiki inayoshika mota ilikuwa inatazama mbele. Kwa feni za kawaida hewa inatokea upande huo wa mikono na kuingilia upande ulio wazi. Maana yake feni hii ilikuwa inavuta hewa kutoka kona ya nyuma, ambako feni mbili nyingine zinaivuta kuitoa nje, inaipitisha kwenye mapezi na kuisukuma mbele, ikutane uso kwa uso na hewa inayotoka feni za mbele. Ni kama bajaji mbili kwenye uchochoro mmoja, hakuna anayerudi nyuma.

Ilitokeaje? Siku ya kubadilisha krimu lazima uitoe feni ndipo uifikie skrubu za kipozeo. Ukiirudisha bila kutazama, nusu kwa nusu utaigeuza. Simlaumu yule fundi, nami nimewahi kufanya kosa hilohilo, usiku, umeme ukikatika na kurudi. Feni nyingi zina mishale miwili midogo imechongwa ubavuni mwa fremu, mmoja wa uelekeo wa kuzunguka na mwingine wa uelekeo wa hewa. Ukiona mishale, iamini kuliko macho yako, hasa siku hizi kwa kuwa kuna feni zinazotengenezwa zikiwa na mapanga yaliyogeuzwa makusudi ili uso wenye taa uonekane hata inapoingiza hewa kutoka chini au ubavuni. Kwa hizo, kanuni ya mikono inakudanganya.

Niliigeuza. Dakika tatu. Nikarudia kurenda ileile, kwa muda uleule. Prosesa bado ilikuwa 90, lakini kasi ikapanda kutoka 3.9 hadi 4.3. Kadi haikusogea, 83 palepale. Huwa nabadilisha kitu kimoja, napima, ndipo nagusa kingine. Inachosha, mteja anapiga miayo, lakini ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilikusaidia na kipi kimekuharibia.

Kilichofuata ni feni ya juu, ile ya mbele. Wauzaji wanapenda kujaza matundu yote ya juu kwa hoja kwamba hewa moto hupanda. Ni kweli hupanda, lakini mwendo wake wa kupanda ni wa kinyonga ukilinganisha na feni inayozunguka mara elfu moja na zaidi kwa dakika. Ndani ya kasha lenye feni, hewa inakwenda inakosukumwa. Feni ya juu iliyo karibu na uso wa mbele inaichota hewa baridi iliyoingia sasa hivi, kabla haijagusa kitu chochote cha moto, na kuitupa nje. Udi ulishaonyesha: pale juu ndipo palipokuwa na upepo mkali kuliko pote, tena ukiweka mkono unauhisi ni wa ubaridi. Upepo wa ubaridi unaotoka kwenye mashine ya moto ni hasara. Nikaifungua hiyo feni na kuitoa kabisa, kisha tundu lake nikaliziba kwa kipande cha boksi la viatu nilichokikata kwa kisu na kukifunga kwa gundi nyeusi. Lazima uzibe. Ukiliacha wazi, feni za mbele zitasukuma hewa itokee hapohapo, kwa njia ya mkato.

Kijana akaniangalia. "Fundi, sasa taa zimepungua." Nikamwambia ataizoea.

Prosesa ikashuka hadi 87 na kasi 4.4. Ilipoacha tu kuganda kwenye 90 nikajua tumetoka shimoni. Kadi ilikuwa 82, yaani karibu palepale, na hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kioo cha mbele.

Kioo kilikuwa kimekazwa kwa skrubu nne kwenye fremu ya plastiki ambayo imeziba juu na chini. Hewa yote ya feni tatu ilikuwa inapita kwenye nyufa mbili za pembeni. Nikachukua rula. Kila ufa ulikuwa na upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 45. Ukizijumlisha zote mbili unapata sentimita za mraba 45. Sasa pima feni moja ya milimita 120: ukiondoa kitovu cha mota katikati, mapanga yanafagia kama sentimita za mraba 93. Feni tatu ni karibu 280. Midomo ya 280 inanywa kwa mrija wa 45. Unaweza kuongeza kasi mpaka majirani walalamike, na kitakachoongezeka ni kelele.

Dawa rahisi ilikuwa kukiondoa kioo, nikapendekeza hivyo. Alikataa, na nilimwelewa: wateja wake wanakuja studio kuchagua picha, mashine ile inayowaka rangi ndiyo mapambo pekee aliyonayo. Tukaafikiana katikati. Nilikata vipande vinne vya bomba la plastiki la nusu inchi, kila kimoja urefu wa milimita 20, nikavipitisha kwenye skrubu ndefu zaidi na kukisogeza kioo mbele ya fremu. Mwanya ukawa milimita 20 pande zote nne: pembeni sentimita za mraba 180, juu na chini nyingine 80 kwa kuwa kioo kina upana wa sentimita 20. Jumla 260. Kwa mbali huoni tofauti, kwa karibu unaona kama kioo kinaelea. Yeye alisema kimependeza kuliko mwanzo, nami sikubisha.

Kadi ikashuka kutoka 82 hadi 73, tena feni zake zikiwa zimepumzika kwenye kama theluthi mbili ya nguvu. Prosesa 82 kwa kasi ya 4.5. Ni kioo hiki kilichokuwa kinaiua kadi, na sababu inaeleweka ukitazama ilivyokaa. Kadi ya aina hii haitoi joto lake nje ya kasha. Feni zake zinapuliza hewa kwenye mapezi yake na joto linamwagika humohumo ndani. Hewa yake baridi inategemea zile feni mbili za chini mbele, na hizo zilikuwa zinanyongwa.

Mwanya ukikua na vumbi nalo linapata barabara. Nikafunga wavu wa mbu wa plastiki, tabaka moja, mbele ya feni tatu. Kadi ikarudi hadi 75. Nyuzi mbili ni bei ninayoilipa kwa moyo mweupe katika mji wenye vumbi kama wetu. Kisha nikawasha udi tena nyuma, kwenye vile vibati. Safari hii moshi ulisukumwa mbali na kasha. Tatu zinaingiza kwa mbele, mbili zinatoa, moja nyuma na moja juu nyuma. Hewa inayoingia ni nyingi kidogo kuliko inayotolewa, na ziada inajitoa yenyewe kwenye nyufa. Kasha la namna hiyo linavuta hewa kwenye chujio tu.

Nikamrudishia Jumamosi, na feni ya sita kwenye mfuko wa rambo. Nilijisikia bingwa.

Jumanne, saa nane na nusu mchana: "Fundi, imezima tena."

Nilimuuliza kama kasi na joto vimerudi kama zamani. Akasema hapana, HWiNFO aliiacha wazi kama nilivyomfundisha, kadi ilikuwa 76 na prosesa 83, mara giza. Ikakataa kuwaka. Baada ya robo saa ikawaka kama hakuna kilichotokea. Kwenye kumbukumbu za Windows kulikuwa na Kernel-Power 41, ambayo watu huiogopa kama vile ni jina la ugonjwa, kumbe inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Kwa nini, haisemi.

Ndipo nikarudi kwenye maswali yangu ya siku ya kwanza. Prosesa ikizidiwa na joto inapunguza kasi. Kadi ikizidiwa inapunguza kasi. Ni nadra kwa vitu vya siku hizi kuzima mashine kabla havijajaribu kupunguza. Na kitu kinachozima moja kwa moja, kisha kikakataa kuwaka mpaka kipoe, kwa kawaida ni pawasaplai inayojilinda. Yule fundi wa kwanza alinyoosha kidole mahali penyewe. Ila yeye aliona kifo, mimi nilianza kuhisi ni kukosa pumzi.

Nikaenda Sinza. Chumba kilikuwa nyuzi 33, kiyoyozi kipo ukutani lakini mchana huwa kinazimwa kwa sababu ya luku. Mashine ilikuwa chini, pembeni ya mguu wa meza, juu ya zulia jekundu la manyoya marefu, la kupigia picha maharusi.

"Hili zulia la lini?"

"Desemba, fundi."

"Na siku ulipofungua ubavu ukaielekezea feni ya mezani, mashine ilikuwa hapa?"

Akafikiri kidogo. "Hapana, niliipandisha mezani. Feni haifiki huku chini."

Hilo ndilo tundu. Siku ile alibadilisha vitu viwili kwa mpigo: alifungua ubavu, na aliinua mashine kutoka kwenye zulia. Sote wawili tukakipa kioo sifa zote. Na karakanani kwangu haikuzima kwa sababu hiyohiyo: ilikuwa mezani.

Zamani pawasaplai zilikaa juu ya kasha, zikivuta hewa ya ndani na kuitoa nyuma. Makasha mengi ya sasa yanaiweka chini, kwenye chumba chake, feni ikitazama sakafu. Ni mpango mzuri, inapata hewa ya chumba badala ya hewa iliyokwisha kupashwa na kadi. Lakini njia yake ya hewa haina uhusiano na feni sita za juu. Unaweza kuwa na feni kumi kule juu, huku chini pawasaplai ikawa imefunikwa mdomo. Hesabu yake ni hivi: ikitoa wati 350 kwa ufanisi wa asilimia 87, inavuta kama 400 ukutani, na 50 zinabaki ndani yake kuwa joto. Wati 50 ndani ya boksi dogo la bati, sawa na balbu ya zamani uliyoifungia kwenye kopo.

Tuliilaza mashine ubavu. Miguu yake ina kimo cha sentimita moja na nusu, na manyoya ya zulia yalikuwa marefu kuliko hapo, yamejipanga kwenye tundu la chini kama brashi. Nikavuta chujio, kile cha kuteleza kinachotokea kwa nyuma. "Kumbe kinatoka?" Kilitoka na blanketi juu yake: nyuzi nyekundu za zulia, vumbi, unywele, na pambo moja la kung'aa lililodondoka kwenye shela la bibi harusi fulani. Nilipoliinua kwenye mwanga wa dirisha, mwanga haukupita.

Somo la kitu kimoja kwa wakati lilikuwa bado bichi, kwa hiyo tulikwenda taratibu. Kwanza nikaosha chujio, nikalikausha, nikarudisha mashine palepale zuliani. Ilirenda dakika hamsini badala ya ishirini, ikazima. Tukaiacha ipoe huku tunakunywa chai. Safari ya pili tukaiweka juu ya kipande cha plaiwudi kilichokuwa nyuma ya mlango, palepale chini, kioo kimefungwa, kiyoyozi kimezimwa. Saa moja. Saa moja na nusu. Saa mbili na harusi ikaisha kurendwa. Nikagusa hewa inayotoka nyuma ya pawasaplai: vuguvugu.

Fundi seremala wa mtaani akamtengenezea kibao chenye miguu minne ya sentimita tano. Pawasaplai ni ileile, hatukununua hata feni moja. Nilimtoza kazi ya siku moja, siku ya pili nikaihesabu ni ada yangu ya shule.

Nilipita tena mwezi Mei, kwa shughuli nyingine, nikaomba nisome vipimo. Kadi ilikuwa 71. Kijana alifurahi, imeshuka tena nyuzi nne! Nikamwonyesha kipimajoto cha ukutani: chumba kilikuwa 28. Februari kadi ilikuwa 75 chumba kikiwa 32. Tofauti ni ileile, 43, maana yake hewa inapita kama tulivyoiacha, na baridi iliyoongezeka ni ya masika. Mtu aliyeko kwenye chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya akikwambia kadi yake inakaa 63, anakwambia kitu kilekile. Ndiyo maana nikiandika kwenye daftari naandika tofauti, joto la kifaa ukitoa la chumba. Kama tofauti ingekuwa 50 wakati sensa inasoma 71 ileile, ningejua wavu umeziba.

Wavu ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu lakini bado unapitisha mwanga. Chujio la chini anasema analivuta kila anaponunua luku, ndivyo anavyokumbuka. Na ile feni ya sita ameiunganisha kwenye waya wa USB, ipo juu ya meza, inawaka rangi zote na kumpuliza yeye mwenyewe usoni.